Kichuguu Chenye Shati la Njano

3 Juni. Murray Bridge.

Daftari hili nimepewa na wenzangu wa kwaya. Wamesema niandike kila siku. Joan, anayeimba sauti ya pili, alininong'oneza kwamba nikija kumnyonga mume wangu Nev huko jangwani, angalau polisi watapata pa kuanzia.

Tunaondoka kesho alfajiri. Nev ameendesha basi la shule miaka thelathini na minane bila kulikwaruza hata mara moja, habari ambayo humsimulia hata anayekuja kusoma mita ya maji. Amestaafu Machi. Aprili akanunua karavani: chumba kizima juu ya magurudumu, kina kitanda, jiko, na choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango. Anataka aikokote mpaka Broome, upande wa pili wa Australia, wakati huu wa baridi kabla joto halijarudi. Mimi nataka kubaki na kwaya yangu na mawaridi yangu.

Basi tumeafikiana. Nimepewa neno moja. Siku nitakayosema "Nyumbani," Nev atageuza gari hapo hapo, bila swali na bila kununa. Nilimtaka aape kwa lile basi lake, akaapa.

Nampa siku kumi.

4 Juni. Port Augusta.

Hakuna wingu hata moja. Nev anasema kuna ukungu kidogo.

Hakuna aliyeniambia habari ya viti. Karavani ikiingia kwenye kambi ya wasafiri saa kumi jioni, lazima irudishwe kinyumenyume kwenye nafasi yake, na hapo kambi nzima hutoa viti vya kukunja na bia baridi, wakakaa kutazama. Hawaji kusaidia. Wamekuja uwanjani. Kazi ya mke ni kusimama nyuma na kupunga mikono.

"Njoo! Njoo! Kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa karavani!"

"Karavani haina kushoto, Glenys!"

Tulimaliza kwa kugonga bomba la maji. Nev akateremka, akaliinamia lile bomba kama anayesoma gazeti, akatangaza kwamba halikuwapo. Wapo waliopiga makofi.

Jirani yetu anaitwa Trevor. Ndevu mpaka kifuani, kofia imejaa beji, na hakuna jambo chini ya jua asilolijua. Aliingiza karavani yake, kubwa kuliko nyumba yetu ya kwanza, mara moja tu, kama droo inavyoingia kabatini. Kisha akaja kutushauri.

"Ndugu yangu, nunueni simu za upepo. Moja kwako, moja kwa mama. Mtaacha kupigiana makelele."

Mkewe Raelene, mwanamke mwembamba asiye na haraka, akaniambia, "Msikilize hili moja. Mengine yapuuze."

5 Juni.

Tumenunua simu za upepo. Sasa tunagombana kwa upole, ila kambi nzima ina simu kama hizo kwenye mkondo huo huo, na wote wanatusikia.

7 Juni.

Nzi.

9 Juni. Coober Pedy.

Hakuna wingu. Nev anasema ukungu upo.

Trevor na Raelene wamo humu pia. Barabara ni moja tu, kwa hiyo ukimchukia mtu Jumatatu, utamkuta Jumatano akifua shati bombani.

Nev amekuwa na furaha ya mtoto. Kinachomfurahisha zaidi ni salamu ya barabarani: gari likija mbele yako, unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na mwenzako anainua chake. Kidole kimoja tu. Anayepunga mkono mzima anajulikana mara moja kuwa ametoka mjini. Nev halinyimi salamu gari lolote. Leo ameinulia kidole kibao cha kuonya kuhusu ng'ombe.

"Huyo hakujibu," akasema.

Nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Jambo jingine: ananunua karoti. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa sijawahi kumwona akila karoti bila kutishwa. Sasa anazitafuna njia nzima, kwa kelele, kama farasi wa posta.

12 Juni.

Kilomita mia nne za mchanga mwekundu. Nilipata usingizi, nikaamka, nikaona mchanga ule ule. Neno limenijia mpaka kooni. Nimelimeza na chai.

15 Juni. Alice Springs.

Baridi ya asubuhi imegandisha mfereji wa maji. Anga safi. Nev: ukungu.

Amepiga mswaki kwa dawa ya kuchua misuli. Nilisikia ukelele kutoka choo cha wanaume cha kambi, na kikohozi, kisha akatoka na machozi yakimtiririka.

"Dawa mpya ya meno," akasema. "Ina nguvu."

"Nev, hiyo ni ya mgongo wangu."

"Basi meno yangu hayatauma mgongo."

Ananikwepa. Anataka niamini ni utani, na mimi nimeshaanza kuchoka kuamini. Bomba la pili amelibomoa jana. Siku kumi zimepita, na sijasema lile neno. Nimeamua nitalisema tukifika mji wa Katherine, mahali penye duka la maana, ili angalau nirudi nyumbani na viatu vipya.

20 Juni. Kusini mwa Tennant Creek.

Lori la tela tatu limetupigia honi ndefu sana leo. Nev akasema madereva wa siku hizi hawana adabu.

22 Juni. Kaskazini mwa Tennant Creek.

Naandika haya mezani, mchana.

Kuanzia hapa barabara ina vichuguu vya mchwa pande zote mbili, vingine virefu kama mtu, na wasafiri wana mchezo wa kuvivisha nguo. Utaona kichuguu chenye fulana, chenye kofia ya majani, hata chenye sidiria. Kila mtu anajua. Sisi wenyewe tulipita huku mwaka ule wa harusi ya mdogo wangu, na Nev akavua soksi zake akakivisha kimoja.

Saa nne hivi, Nev akainua kidole. Mbele hapakuwa na gari. Palikuwa na kichuguu kando ya njia, kimevalishwa shati la njano la mafundi wa barabara na helmeti nyeupe.

"Maskini," akasema, akaanza kupunguza mwendo. "Wamemwacha peke yake juani. Hana hata gari."

Nikamtazama. Uso ulikuwa na huruma tupu. Akasimamisha gari, akachukua chupa ya maji baridi kwenye friji ndogo, akashuka. Nikamwona anavuka mchanga na kofia yake, mkono mmoja umenyooshwa mbele na chupa.

"Habari ya kazi, rafiki," nilimsikia. "Jua kali leo."

Akaenda hatua nyingine tano. Zilipobaki hatua mbili akifikie kichuguu, akasimama.

Sijui alisimama muda gani. Mimi nilishika mlango wa gari na kucheka kumekwama katikati ya kifua, hakutoki wala hakurudi. Hatimaye akafungua chupa, akayanywa yale maji yeye mwenyewe, akarudi polepole, akapanda, akafunga mkanda.

"Nilikuwa nanyoosha miguu," akasema.

Akawasha gari, tukaondoka. Hapo ndipo kila kitu kiliponijia kwa mpigo, ukungu, mabomba, dawa ya mgongo, karoti. Nikalipuka.

"Neville! Umempa maji mchwa!"

"Sikumpa. Nimeyanywa."

"Huoni! Mwanamume huyu haoni, na ananiendesha mwezi huu wote! Ukungu gani, jangwani, mwezi wa sita? Uliinulia kidole kibao cha ng'ombe!"

"Yule ng'ombe amechorwa vizuri sana."

"Na karoti! Unadhani karoti ni miwani? Umepigia mswaki mgongo wangu!"

"Usiseme kwa sauti hivyo."

"Nani atanisikia? Huyo mchwa?"

Nilisema mengi. Nilisema kuhusu sungura aliyemkanyaga akidhani ni kiatu, kuhusu lile lori, kuhusu chupi yangu aliyofutia kioo. Nikanyoosha mkono nipate biskuti ya kunituliza, nikainua bati, na chini yake ilikuwapo simu ya upepo. Bati lilikuwa limekandamiza kitufe cha kuzungumzia. Nilipoliinua tu, sauti ikajaa gari.

"Karavani nyeupe. Karavani nyeupe. Mnanisikia sasa?"

Nev akajibu, kwa sauti ndogo. "Tunakusikia."

"Mama, tumesikia yote kuanzia kwenye kichuguu. Tuko madereva sita kwenye mkondo huu. Mmoja amesimamisha lori pembeni kwa kicheko."

"Ni mimi," sauti nyingine ikasema, ikikohoa.

"Mzee," yule wa kwanza akaendelea, na sasa hakuwa anacheka. "Juzi kusini ya Tennant Creek uliniingilia upande wangu. Mimi ndiye niliyepiga honi. Nina tela tatu, mzee wangu. Sisimami kama baiskeli. Nilidhani umelewa."

Nev akaashiria kwa taa, akatoa gari barabarani taratibu, kwa ustadi ule ule wa miaka thelathini na minane, akazima injini. Akaiweka mikono yote miwili mapajani.

"Mpe mama usukani," simu ikasema. "Niko nyuma yenu kilomita mbili. Nitakaa nyuma mpaka Elliott, mji unaofuata. Hakuna atakayewasukuma."

Sijawahi kukokota kitu chochote maishani. Gari langu la nyumbani ni dogo, linanipeleka kwenye kwaya na kunirudisha. Nilikaa upande wa kulia, nikasogeza kiti mbele, nikaenda kilomita sitini kwa saa kwa muda wa saa mbili na nusu, na nyuma yangu lori lenye urefu wa mtaa mzima likinifuata kwa upole kama ng'ombe wa maziwa. Kila baada ya dakika kadhaa simu ilisema, "Safi sana, mama." Nev alitazama dirisha lake tu.

Tulipofika, akasema, "Nimebeba watoto wa watu miaka yote ile, Glen. Ningeweza kumuua yule kijana. Ningekuua wewe." Kisha akalia. Nimemkasirikia mno, na nimemhurumia mno, na sijui nianze na lipi.

24 Juni.

Nimeendesha siku nzima.

26 Juni. Katherine.

Kliniki ya macho. Nesi, mwanamke wa hapa hapa aitwaye Marlene, huwaita wazee wote mjomba na shangazi.

"Mjomba, nisomee herufi za ukutani."

"Ukuta upi?"

Marlene akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu vya zamani.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema yanatibika vizuri kabisa. Tarehe ya upasuaji imepatikana Adelaide, mji ulio karibu na kwetu, katikati ya Septemba. Mpaka hapo, Nev haruhusiwi kugusa usukani, hata wa gari la kukatia nyasi. Alimwambia daktari kwamba alianza kuona ukungu tangu Krismasi. Tangu Krismasi! Aliogopa wangemnyang'anya leseni kabla hajafika Broome, basi akafunga mdomo na kununua karoti.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi nje ya duka la samaki wa kukaanga.

"Glen," akasema. "Lile neno lako. Acha nilisaidie kulisema. Nyumbani. Karavani itapakiwa kwenye lori, sisi tutapanda ndege."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu tarehe tatu. Nililisikia, na nikashangaa kwamba halikunifurahisha. Nilimwona Nev jikoni kwetu, amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha mpaka Septemba, hana basi, hana barabara, anajiona ameisha. Na nikaona jambo jingine ambalo sikulitegemea: nataka kuiona Broome.

"Hilo neno ni langu," nikamwambia. "Nani kakupa ruhusa ya kulitumia?"

"Glen, huwezi kuikokota hiyo mpaka—"

"Nimeikokota kutoka kwenye kichuguu chako. Kula samaki."

27 Juni.

Kwenda mbele naweza. Kurudi nyuma siwezi. Leo nimezuia mlango wa kambi kwa dakika arobaini. Viti vilitolewa mpaka barabarani.

28 Juni.

Trevor amegonga mlango asubuhi. Wamefika jana. Nikajiandaa kusikia hotuba.

"Uwanja wa maonyesho hauna mtu leo," akasema. "Twende."

Alipanga makopo ya maharage mistari miwili, akaniambia kitu kimoja tu. "Shika usukani kwa chini. Mkono unakokwenda, nyuma ya karavani inakwenda huko huko. Kushoto na kulia visahau, vimevunja ndoa nyingi."

Niliponda makopo kumi na moja. Hakunicheka. Kumbe ameendesha gari la taka la manispaa miaka thelathini, na vichochoro ndivyo vilivyomfundisha. Tulipopumzika nikamweleza habari ya macho ya Nev. Akatikisa kichwa.

"Nilijua tangu Coober Pedy."

"Ulijuaje?"

"Nilipita asubuhi na ndoo yangu ya maji. Mumeo akaniambia, 'Umeamkaje, Raelene? Umependeza leo.'" Akazishika ndevu zake. "Nikasema ahsante."

"Mbona hukutuambia?"

"Mtu hupenda kuyasema mwenyewe mambo kama hayo, Glenys."

Nilikuwa nimemwandika vibaya humu, siku ya kwanza. Siyafuti maneno yale, maana kelele anazo. Ila na hili liandikwe.

1 Julai.

Makopo mawili tu.

2 Julai.

Hakuna lililopondwa. Raelene ametupikia maharage ya makopo yote yaliyobonyea.

5 Julai. Mpakani mwa Australia Magharibi.

Huwezi kuvuka na matunda wala mboga mbichi wala asali, wasije wadudu wakavuka navyo. Kwa hiyo kilomita ishirini kabla ya mpaka, magari yote yamepaki pembeni na watu wazima wanakula kama wamefungiwa ndani ya ghala la chakula. Mwanamume mmoja alikuwa analamba asali kwa kijiko, mkewe anamhesabia. Mimi nilimaliza nyanya na vitunguu. Nev alipewa karoti, kilo mbili, akafika nusu.

Ofisa, msichana mwenye glavu, akafungua friji.

"Na hizi, mzee?"

"Ni dawa," Nev akasema.

"Za nini?"

"Macho."

"Zimekusaidia?"

Nev akafikiri. "Hapana," akasema, akazimwaga pipani mwenyewe. Ni mara ya kwanza tumecheka pamoja tangu kile kichuguu. Tulicheka mpaka gari la nyuma likapiga honi.

9 Julai. Halls Creek.

Joto limeanza kurudi. Hakuna wingu.

Nev ameacha kutazama dirisha. Sasa ananisikilizia injini. "Gia," anasema, na kweli inahitajika gia. Ananiambia upepo umehama kwa jinsi karavani inavyonguruma nyuma. Na kila gari likija, namwambia linakuja, na tunainua vidole viwili, changu na chake.

Leo kilikuwapo kichuguu kimevaa gauni la maua. Nikainua kidole.

"Nani huyo?" Nev akauliza.

"Dada yake rafiki yako."

"Msalimie. Mwambie kaka yake hajambo, ila hanywi maji."

16 Julai. Broome.

Tumefika. Bahari ni ya buluu mpaka inachosha. Nev aliniomba nimweleze rangi yake, nikashindwa, akasema basi nimtose tu, atajionea kwa ngozi. Ila kwanza palikuwa na kazi.

Nafasi yetu ni nyembamba, kati ya mti na karavani mpya inayong'aa. Nilipoanza kurudi nyuma, vikaanza kusikika: kreki, kreki, viti vinakunjuliwa. Nikahesabu kumi na saba. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

Nev alikuwa nyuma na simu yake. Nilikuwa nimemwambia aweke kiganja kwenye ubavu wa karavani na atembee nayo.

"Naisikia," simu ikasema. "Inakwenda vizuri. Polepole, Glen. Sasa imenyooka."

Ikapinda. Nikatoka, nikaanza upya. Mara ya tatu mtu akasema, "Hawa ni wapya," na sauti ya Nev ikatoka kwenye simu za kambi nzima: "Mpya ni wewe. Huyu amekuja na lori la tela tatu mgongoni." Mara ya sita mkono wangu ukakaa chini ya usukani, nikasahau kushoto, nikasahau kulia. Mara ya saba Nev akapiga kiganja mara mbili kwenye bati. Ilikuwa imeingia. Bomba limesimama. Mti umesimama.

Walipiga makofi wote kumi na saba, na safari hii hayakuwa ya kejeli.

17 Julai.

Hakuna wingu. Nev hajauliza kuhusu ukungu.

Saa kumi jioni imeingia karavani ya wageni, namba za gari za jimbo la Victoria, mume kwenye usukani na mke nyuma anapunga kama anafukuza nyuki. Nikaenda kutoa viti viwili. Sina la kujitetea.

"Wako wapi sasa?" Nev akauliza.

"Wamekwenda kushoto."

"Kushoto kwa nani?"

"Ndicho wanachogombania."

Akacheka, akasogeza kiti chake mpaka bega likagusa langu. Nikamwelezea kila kitu, gurudumu kwa gurudumu, mpaka bomba. Mambo ya Septemba tunayajua: kilomita elfu nne za kurudi, na zote zitapita mikononi mwangu.

"Lile neno lako, Glen," akasema baadaye. "Bado unalo?"

"Ninalo. Lipo kabatini."

"Sehemu gani?"

"Chini ya zile karoti ulizonunua leo asubuhi, ukidhani sikukuona."